Pesa ya kikoba ipo, dalali wa Istanbul ananiharakisha

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, nauza vitenge Kariakoo. Tangu mdogo aache ziwa, matiti yangu yamelala na kubaki ngozi tu. Natamani kuweka silikoni. Tafadhali usinijibu kwamba nijikubali nilivyo. Dada yangu kanihubiria hilo mpaka kachoka. Mume wangu hajawahi kulalamika. Anayesumbuka mbele ya kioo ni mimi.

Kikoba tumegawana, na kuna dada mmoja, dalali anayepeleka watu Istanbul, Uturuki, kupasuliwa. Bei yake inajumlisha tiketi, hoteli na upasuaji, na anasema wiki moja tu nimesharudi dukani. Nilimuuliza jina la daktari atakayenipasua, akanitumia picha za wateja. Nikamuuliza vifuko vya silikoni vinavyowekwa ndani ya titi ni vya kampuni gani, akasema, "Vya kisasa, mpenzi." Basi nikaenda kumuona daktari bingwa wa upasuaji rekebishi hapahapa Dar.

Daktari hakunikataza. Alinipima, akaniambia silikoni inajaza, hainyanyui. Chuchu ikishaangalia chini, ukiongeza kifuko bila kupunguza ngozi unapata ziwa kubwa ambalo bado limelala. Mimi nahitaji kunyanyuliwa, na huenda silikoni nisiihitaji kabisa. Ila kovu lake linazunguka chuchu na kushuka hadi chini ya titi. Kwenye picha za dalali sikuona kovu hata moja.

Kilichonikosesha usingizi ni kwamba vifuko havidumu maisha. Mwili hujenga utando kuvizunguka, na kwa wengine utando huo hukaza hadi titi linakuwa gumu na kuuma. Kifuko cha silikoni kinaweza kupasuka usijue, ndiyo maana mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kadiri miaka inavyokwenda, ndivyo uwezekano wa kupasuliwa tena unavyoongezeka. Kuna pia saratani ya limfu, ni nadra, inayohusishwa zaidi na vifuko ambavyo uso wake una mparuzo, si laini. Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa vyake vya mparuzo, vya Biocell, sokoni dunia nzima. Na Ufaransa, mwaka 2010, kampuni ya PIP ilibainika inajaza vifuko silikoni ya viwandani. Kwa hiyo daktari anasema nisikubali kuwekewa kitu bila kupewa kadi yenye jina la kampuni na namba ya kifuko. Dalali nilimuuliza habari za kadi. Ameona ujumbe, hajajibu.

Hiyo wiki moja nayo ni hadithi. Kunyanyua marobota ni mwiko kwa wiki kadhaa, na kukaa muda mrefu kwenye ndege mara baada ya upasuaji kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kidonda kikitunga usaha nikiwa Tabata, huyo wa Istanbul atanisafisha kwa WhatsApp?

Kwa hiyo Istanbul nimeshaanza kuitoa moyoni, ingawa dalali anasema punguzo linaisha mwezi huu na anataka kianzio. Hamu yenyewe ndiyo haijatoka. Sasa kuna la mtoto wa tatu. Mume wangu anamtaka, nami sijasema hapana. Daktari anashauri nimalize kuzaa kwanza, kisha nisubiri miezi kadhaa baada ya kuachisha, kwa sababu mimba inaweza kuharibu kazi yote, na mkato wa kuzunguka chuchu unaweza kupunguza maziwa. Nikingoja hivyo, nitakuwa nakaribia arobaini.

Mume wangu anajua pesa ya kikoba ni ya kuongeza mzigo dukani. Habari za upasuaji hajazisikia. Shangazi, nianze kumwambia hili la matiti, au kwanza tumalize la mtoto? Nikianza na mtoto, ataniuliza haraka ya nini. Na hii pesa, niiweke kando kwa ajili ya kunyanyuliwa baadaye, au nichukue mzigo kama tulivyokubaliana?

Mama Wawili,
Tabata, Dar es Salaam