Msitu kwanza, barafu baadaye

Ndugu Mhariri,

Kila theluji ya Kilimanjaro inapotajwa, sisi wakazi wa Moshi huambiwa kuwa ikiisha, maji nayo yataisha. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Lakini chemchemi zinazolisha mifongo, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia, ya migombani, na hatimaye Mto Pangani, hutegemea zaidi mvua na ukungu unaonaswa na msitu kuliko barafu hiyo ipendwayo na wapiga picha. Moto kama ule wa Oktoba 2020 huteketeza uoto unaonasa ukungu huo. Naomba bajeti za maji zitenge fedha za kuulinda msitu kabla ya kuchimba visima vipya.

Mkulima wa kahawa, Moshi