Barua kwa mwanangu: hiyo namba yako ya tarakimu kumi

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo. Korosho zimeanza kudondoka, na pale chama cha msingi mizani haipumziki, ndiyo maana nimechelewa kukujibu.

Unasema 4,294,967,297 umeigawa kwa 3, 7, 11 na 13, kila mara ikatoa baki, na mwenzako anashikilia kwamba ni namba tasa. Hayuko peke yake. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini hivyo. Chukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila jibu lijumlishie 1: unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Yako ndiyo inayofuata, ya kipeo cha 32. Lakini hapa ghalani mnunuzi akikuta magunia matano ni makavu, la sita bado analifungua.

Aliyelifungua ni Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, mwaka 1732. Kigawo alichopata ni 641. Ungeendelea na mtindo wako wa kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 641 ni ya 116 kwenye foleni, daftari lingekwisha. Euler huyohuyo alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakishe 1. Basi nyingi zinaanguka zenyewe, unabaki na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano!

Hakikisha kwa mkono, maana vikokotoo vingi vya dukani huishia tarakimu nane. 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200. Mara 41 ni 274,717,097. Jumlisha mwenyewe.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba hata kugawa si lazima. 640 ni 5 mara 128, kwa hiyo 640 kwa kipeo cha 4 ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Sasa zidisha 641 kwa hiyo 2 ya kipeo cha 28, halafu toa 640 kwa kipeo cha 4. Kwa kuwa 641 kutoa 625 ni 16, kinachobaki ni 2 kwa kipeo cha 32 kamili. Jumlisha 1, umefika kwenye namba yako. Kutoa 640 kwa kipeo cha 4 kisha kujumlisha 1 ni sawa na kutoa 640 kwa kipeo cha 4 iliyopunguzwa 1, nayo ni 639 × 641 × 409,601. Pande zote mbili zina 641 ndani, itatokaje? Mwonyeshe mwenzako, ila usimcheke.

Ile ya kipeo cha 64 ina tarakimu 20. Mfaransa Fortuné Landry aliipasua mwaka 1880 kwa 274,177. Tasa ya sita ya aina hii haijapatikana mpaka leo.

Mama anakusalimu. Nauli ya likizo nitaituma malipo ya mnada yakiingia.

Baba yako