Roboti za kibofu hazina dereva

Ndugu Mhariri,

Juzi mzee mmoja wa mtaani kwetu alinijia na ukurasa wa gazeti lako, ameukunja mara nne mfukoni mwa shati. Ana saratani ya kibofu. Alitaka kujua roboti "zinazoendeshwa na daktari ndani ya damu" zinapatikana hospitali gani, maana ameshaahirisha tarehe ya upasuaji akizisubiri.

Majaribio mliyoyaandika ni ya Barcelona, Hispania, yaliyotangazwa Januari 2024. Chembe zile mlizoziita roboti ni za silika, ukoo mmoja na mchanga, ndogo kuliko seli nyekundu ya damu zaidi ya mara kumi. Zimepakwa yurease, kimeng'enya kinachovunja yurea ya kwenye mkojo, na kuvunjika huko ndiko kunakozisukuma. Zilibebeshwa iodini yenye mnunurisho, yaani inayotoa mionzi. Kwenye damu hazikupita kabisa. Ziliwekwa moja kwa moja kibofuni. Kwa dozi moja uvimbe ulipungua kwa asilimia 90. Waliotibiwa walikuwa panya, jambo ambalo nyinyi mmeliweka mstari wa mwisho.

Nilikuwa nesi miaka mingi. Tukishaweka dawa kibofuni kwa mpira, tulimlaza mgonjwa chali, tukamgeuza ubavu wa kulia, kifudifudi, kisha ubavu wa kushoto, ili dawa iguse kila upande. Akishindwa kujizuia, mkojo wa kwanza unaondoka na dawa yote. Leo kuna chembe zinazojikoroga zenyewe humo ndani, tena kwa nguvu ya mkojo uleule uliokuwa ukitutibulia kazi! Hilo peke yake lilitosha kuwa kichwa cha habari.

Ila kujisukuma ni jambo moja na kujua njia ni jingine. Kitu kidogo kiasi hicho hupigwa kumbo na molekuli za maji kutoka kila upande, kikageuzwa mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Usukani ndio unaowatoa watafiti jasho. Wengine hutumia sumaku: Montréal, Kanada, mwaka 2016, bakteria wanaofuata sumaku walibebeshwa dawa wakaelekezwa kwenye uvimbe wa panya, na hata hao walidungwa jirani kabisa na uvimbe. Kuogelea kwenye damu ni balaa jingine, maana hata katika vimishipa vyembamba kabisa mkondo hukimbia kuliko chembe hizi.

Huku Kanda ya Ziwa wengi wetu tumekua ndani ya majaruba, na kichocho cha mkojo kisipotibiwa huweza kuzaa saratani hiyohiyo. Kwa hiyo habari kama hizi husomwa na wagonjwa wenyewe, wengine wakiwa tayari na tarehe za upasuaji.

Naomba mchapishe sahihisho ukurasa uleule, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Kipande cha gazeti cha yule mzee bado ninacho. Nitakirudisha pamoja na hilo sahihisho.

Nesi mstaafu,
Mwanza