Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: mzazi wa mtoto mwenye usonji afundishwe karibu na nyumbani

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo, na pole kwa majukumu mazito.

Nakuandikia nikiwa mama wa mtoto wa kiume mwenye usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia, mkazi wa Nkuhungu, na pia kwa niaba ya wazazi niliofahamiana nao kwenye mabenchi ya hospitali. Ombi letu ni moja: mzazi wa mtoto kama wangu apate mafunzo na mtu wa kumshika mkono, hapa hapa mkoani, tangu anapoanza kuwa na wasiwasi. Wataalamu tunawahitaji sana, na shule pia. Lakini mtoto huyu analala, anakula na kulia mikononi mwa mama, baba na bibi yake. Kama hao hawajui la kufanya, daktari bingwa anayemwona mara moja baada ya miezi kadhaa atamsaidia kidogo mno.

Niruhusu nianzie kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa huko ndiko wengi wetu tunakopita. Mtoto anapata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha anarudi kwa dozi ya pili akiwa na miezi 18. Umri huo wa mwaka mmoja na nusu ndio dalili za usonji zinapoanza kujionyesha kwa wengi: ukimwita jina haitiki, hanyooshi kidole kukuonyesha ndege au gari, hakutazami usoni, na vineno vichache alivyokuwa navyo vinapotea. Muuguzi akiuliza maswali machache siku hiyo hiyo, kabla hajarudisha kadi, mtoto ameshaanza kusaidiwa. Hapahitajiki mashine wala dawa. Mara nyingi mama akitaja wasiwasi wake huambiwa asubiri, watoto wa kiume huchelewa kuongea. Anasubiri mpaka mwanawe anafikia umri wa shule, na ile miaka ambayo ubongo hujifunza kwa kasi imeshapita.

Na kwa sababu dozi ya pili na dalili vinakutana katika umri mmoja, wapo akina mama wanaoamini kwamba sindano ndiyo iliyomharibu mtoto, na mdogo wake hawampeleki tena. Uvumi huo ulipata nguvu kutokana na makala ya daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998. Jarida la The Lancet lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na tafiti kubwa katika nchi mbalimbali hazikuona uhusiano wowote kati ya chanjo na usonji. Jibu hilo tulisikie kwa muuguzi, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, kabla ya kulisikia vibaya kwenye simu.

Lawama kwa mama ni mzigo mwingine. Kwetu ataambiwa amelogwa, au amevunja mwiko, au alitumia dawa za kupanga uzazi. Mbuzi anauzwa, mganga analipwa, na baba wengine huondoka. Huko Marekani nako, katikati ya karne iliyopita, wapo wasomi waliodai kuwa usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Mmoja wa waliosaidia kuubomoa uongo huo, Bernard Rimland, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alikuwa mwanasaikolojia na pia baba wa mtoto mwenye usonji. Ninamtaja ili ofisi yako ituone sisi wazazi kama watu wa kushirikiana nao katika kazi hii.

Mafunzo yenyewe yapo tayari. Shirika la Afya Duniani limeandaa programu ya stadi za walezi kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu nyumbani. Imepangwa iweze kuendeshwa na watu wasio mabingwa, kama wauguzi, walimu na wahudumu wa afya wa jamii, wakishaandaliwa na kusimamiwa. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao wanafika vijijini, wanaingia majumbani, wanajua nani ana mtoto anayefichwa chumbani wageni wakija.

Mheshimiwa, mafunzo haya yanabadilisha maisha ndani ya nyumba kweli kweli. Chukua chakula. Watoto wengi wenye usonji hawavumilii vyakula fulani kwa jinsi vinavyokaa mdomoni, na mlenda, mboga ya kila siku kwetu, unateleza. Mtoto akiukataa anachapwa kwa kiburi, naye anazidi kukataa hata ugali wenyewe. Mlezi aliyefundishwa huuweka kwenye kibakuli pembeni auone tu, siku nyingine auguse kwa kidole, bila ugomvi. Au chukua kuongea. Mwanangu hana maneno, lakini ana picha ya kikombe ukutani, na akiwa na kiu anaigusa. Kabla ya picha ile alikuwa akipiga kichwa sakafuni, nasi tukihangaika kutafuta anaumwa wapi. Mafunzo hayo humkumbuka hata mlezi mwenyewe, maana mtoto asiyelala usiku ana mama asiyelala.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa wetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Tukitumia kadirio hilo hapa, tunazungumzia watu zaidi ya 24,000 wa rika zote. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, zote ziko jijini. Anayetoka Chemba, Kondoa au Mpwapwa analipa nauli na kulala ugenini, na wengine wakisikia jina la Mirembe tu hughairi, kwa kuogopa mtoto kuitwa kichaa. Timu ndogo itembelee hospitali za wilaya mara moja kwa mwezi, kwa siku inayojulikana.

Usalama pia. Watoto hawa hutoka nyumbani kimyakimya, na mvua zikinyesha makorongo yetu hujaa ghafla. Wenyeviti wa mitaa na vijiji wawajue watoto hawa na namba za simu za wazazi wao.

Kuhusu kipato, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 2 kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukopa, na mama yake ameacha genge ili amlinde. Naomba maofisa maendeleo ya jamii wapewe maelekezo ya maandishi kuvipokea vikundi vya wazazi wanaolea watoto wenye ulemavu.

Tarehe 2 Aprili ni siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu usonji. Kabla ya Aprili ijayo, tunaomba kliniki za halmashauri moja tu, yoyote utakayoichagua, ziwe zimeanza kuuliza yale maswali ya miezi 18, na kikundi cha kwanza cha wazazi kiwe kimeketi kwa mafunzo. Tuko tayari kuja kuonana na Mganga Mkuu wa Mkoa siku yoyote mtakayopanga. Tunaomba tu tupangiwe saa isiyo na foleni, kwani wengine hatuna wa kumwachia mtoto, na watoto wetu hawawezi kungoja muda mrefu kwenye kelele.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mtoto mwenye usonji,
Nkuhungu, Jiji la Dodoma