Gitaa lako lipo, ila nina la kukiri

Kigamboni, Dar es Salaam

Ndugu yangu Bakari,

Salamu nyingi, na unipigie shikamoo kwa mama kabla sijasahau. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotukaanga. Kimya hiki cha miezi mitano ni kosa langu. Kila nikishika simu nikupigie naona aibu, maana swali lako la kwanza nalijua: gitaa langu lipo?

Lipo. Halijauzwa wala kuibiwa. Ila haliko tena chini ya kitanda ulipoliacha. Linaning'inia ukutani, na kila siku saa moja jioni nalishusha. Ndiyo, najifunza. Cheka umalize, nakusubiri.

Mwanzoni nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya wewe (usikatae): wiki nzima siligusi, Jumapili nakaa nalo kwa muda wa saa tatu nzima mpaka vidole vinawaka. Jumatatu siwezi hata kumenya chungwa. Jumapili inayofuata nimesahau yote, naanza upya. Mwezi ukaisha hivyo. Ndipo Mama Zai akanipeleka kwa yule mzee wa Ilala, aliyepiga sekondi solo (gitaa la pili linalojibizana na la solo) kwenye bendi za dansi enzi zake. Dakika haijaisha, mzee akazungusha kitufe cha sauti cha gitaa mpaka sifuri. Akasema dakika 20 kila siku, na nikizidisha nisirudi kwake. (Ukienda kwake usimtajie Msondo, wale mahasimu wa Sikinde kwenye dansi. Yeye ni Sikinde tangu bendi inaanza 1978.)

Basi mwendo wangu ni huu. Dakika 5 za kutuni (kulinganisha sauti za nyuzi) na kutembeza vidole vinne, kila kidole freti yake (nafasi kati ya vyuma viwili shingoni), kuanzia uzi wa sita mpaka wa kwanza, polepole hadi inachosha. Dakika 7 za kubadilisha kodi mbili tu, yaani mishiko ya nyuzi kadhaa zinazolia pamoja, kila mmoja na herufi yake. Dakika 8 za rizimu (mpigo wa kusindikiza), metronomu ya simu, ule mlio wa kuhesabu mapigo, iko 60 kwa dakika, na haipandi kwenda 65 mpaka nipige mara tatu sijakosea. Kodi ndizo zinazobadilika: Jumatatu na Jumanne Em na G, katikati ya wiki G na C, Ijumaa C na D. Jumamosi navuka na pantoni kwenda kukaguliwa. Jumapili sifanyi zoezi, nasikiliza wimbo mmoja wa dansi na kuisaka rizimu humo ndani. Solo marufuku. Nilimwuliza lini nitaigusa solo, akaniuliza lini nitaoa.

Kilichonitesa ni G kwenda C. Kodi ya nyumba nimelipa mpaka Desemba, hizi za gitaa ndizo zinazonidai. Mzee anataka nihesabu nabadilisha mara ngapi kwa dakika moja, niandike kwenye kalenda. Siku ya kwanza niliandika 19. Jumamosi akakaa pembeni na saa yake, tukapata 9. Kumbe nilikuwa nahesabu na zile zinazokoroma! Kodi isiyolia vizuri haihesabiwi, akasema, na kalenda ikarudi nyuma.

Halafu akanitazama vidole. Bakari, tatizo lilikuwa ninavyoishika G. Nilikuwa natumia cha shahada na cha kati, kama ulivyonionyesha wewe. Yeye akanipangia upya: cha pete uzi wa sita, cha kati uzi wa tano, kidole cha mwisho uzi wa kwanza. Ukienda C, cha pete na cha kati vinahama pamoja, uzi mmoja mmoja, cha shahada kinadondokea uzi wa pili. Wiki ya kwanza kidole changu cha mwisho kilikuwa kinatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa. Juzi nimepata 31, zote zinalia. Nilitoka nje nikamwambia muuza kahawa, naye akaniuliza 31 za nini.

Umeme ukikatika siachi. Bila spika gitaa linalia kama mbu, lakini vidole vinajifunza vilevile. Jirani nahisi anaombea giza.

Sasa la kukiri lenyewe. Hewa ya chumvi ya huku imezila nyuzi zako. Wa kwanza ulikatika nikiutuni, ukanichapa mkononi, alama ninayo. Nimenunua seti nzima mpya, ile nyembamba wanayoiita namba tisa, na siku hizi nikimaliza nazifuta kwa kitambaa kikavu. Zile za zamani nimekutunzia kwenye bahasha usije ukasema nimekudanganya.

Na ombi: niachie hadi Desemba. Au taja bei, ila bei ya ndugu, siyo ile ya... wewe unaijua. F kubwa, ile ya kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, sijaifikia, nashika ile ndogo ya nyuzi nne, na kulirudisha gitaa kabla ya F naona ni kama kushuka basi Chalinze.

Ile spika ndogo bado iko kwa dada yako? Waya wake mzima au nao ulikwenda na Kidevu? Harusi ya Asha imeishia wapi? Huko Mwanza umepata hata gitaa la kuazima? Na hili nilitaka kukuuliza siku nyingi: wewe uliacha kwa sababu gani, ni hiyohiyo G?

Nijibu, hata kwa matusi.

Wako,
Juma