Baba Mkubwa, msimfungie mlango mdogo wangu

Köln, Ujerumani

Baba Mkubwa, shikamoo. Mama, shikamoo. Natumaini mko wazima hapo Tukuyu, na mvua hazijaharibu sana njia ya shambani. Mimi na watoto hatujambo, ila baridi imeanza kuuma.

Nimeandika kwa mkono na kumpa barua mtu anayerudi nyumbani, kwa sababu jambo hili, la mdogo wangu kuvutiwa na wanaume wenzake, silitaki kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ujumbe mmoja ukisambazwa kule, jioni umeshafika Kiwira na Kyela, na mdogo wangu hatakuwa na pa kuweka uso wake. Naomba muisome mkiwa wawili tu, na msiiache mezani.

Nimesikia kikao cha ukoo kimepangwa Desemba, ndugu wa Dar watakapokuja. Nimesikia pia yanayopendekezwa: wengine wanataka apelekwe kwenye maombezi mpaka pepo limtoke, wengine wanataka aozwe haraka, na wengine wanataka itangazwe kwamba si wa kwetu tena na asikanyage uwanja wa marehemu Baba. Mimi ni dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni, na nina neno kabla hamjakaa.

La pepo nitalisema kwa ufupi. Kuomba tuombe, sote tumekuzwa kanisani na yeye mwenyewe ameimba kwaya miaka mingi. Lakini kumfungia mtu ndani bila chakula na kumchapa ili pepo litaje jina, hilo ni kumtesa. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Mimi ni muuguzi, Baba Mkubwa. Hakuna dawa yake kwa sababu hakuna ugonjwa.

La kumwoza ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu hapo mnamwingiza binti wa watu asiyejua lolote. Atapokelewa kwa vigelegele, mahari italipwa, na mwaka wa pili atakuwa analia jikoni akijiuliza ana kasoro gani. Mama, ungekubali nifanyiwe mimi hivyo? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba kila mmoja wa wanaooana awe ameridhia kwa hiari yake. Na kuna la afya, ambalo kwa kazi yangu siwezi kulinyamazia. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliikuta mikoa yetu ya nyanda za juu ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima: Njombe asilimia 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Tumezika wangapi hapo Rungwe, mnawajua kwa majina. Mtu anayeishi kwa kujificha haendi kupima, na akienda hasemi ukweli kwa daktari. Mkimwoza kwa nguvu, kujificha huko mnakuhamishia chumbani kwa mke wake.

Sasa hilo la kumfukuza. Baba Mkubwa, kwenye simu uliniambia haya ni mambo ya Wazungu, na kwamba mimi nimeyazoea huku. Wewe ni mzee wangu na sikubishii kwa kiburi, lakini nimeyaona huku kwa macho yangu, na sivyo yalivyokuwa. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka nchi hii, na wakati huo huo nchi hii ilikuwa na kifungu cha 175 cha kuwafunga wanaume wa namna hiyo. Mwaka 1935 Wanazi walikifanya kiwe kikali zaidi, na hata baada ya vita Ujerumani Magharibi ilikiacha vilevile hadi 1969. Watu wapatao 50,000 walihukumiwa kati ya 1949 na 1969. Kilifutwa kabisa mwaka 1994, na ndoa zao zimeruhusiwa tangu Oktoba 2017 tu, nami nimeshaanza kazi hapa. Na bado wapo wazazi wa huku wasiotaka kuwaona watoto wao.

Kwetu, Kanuni ya Adhabu tuliwekewa na Waingereza mwaka 1930, pamoja na kifungu cha 154 kinacholiadhibu jambo hili. Wao kwao England walilegeza mwaka 1967. Sisi mwaka 1998 tukaongeza wenyewe, kifungo kisipungue miaka 30. Majirani zetu wa Msumbiji waliliondoa kosa hilo katika sheria yao mpya mwaka 2015, na hawakuacha kuwa Waafrika. Nataka pia ukumbuke wazee wetu. Watafiti wa mila Godfrey na Monica Wilson walipoishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuuliza habari za vijiji vya rika, vijana walikolala mbali na wazazi, waliambiwa kwamba mambo hayo hutokea kati ya wavulana. Kwa mtu mzima wazee hawakuyakubali, hilo sikufichi. Ila waliyajua, na waliyazungumza kwa utulivu kuliko tunavyoyazungumza sisi leo.

Niwaeleze habari za mzee mmoja ninayemhudumia hapa kwenye kituo cha wazee. Ana miaka themanini na kitu. Alikamatwa miaka ya 1960 akiwa kijana wa umri wa mdogo wangu, akakaa gerezani miezi kadhaa, akapoteza kazi yake ya uchapaji. Alipotoka, baba yake alimkuta mlangoni na begi, akamwambia hapa si kwako. Hakurudi tena. Mwaka 2017 serikali ilifuta hukumu zile na kuwalipa waliobaki hai: yuro 3,000 kwa kila hukumu, na 1,500 kwa kila mwaka wa kifungo. Barua ya serikali anayo kwenye droo. Iko pamoja na picha ya dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili hivi mwenye nywele za kusuka, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni siku ile. Dada huyo alizeeka na kufa bila wao kuonana. Ninapomkata kucha hunisimulia walivyokuwa wakiiba matufaha ya jirani, kisha ananyamaza. Krismasi wenzake huja kuchukuliwa na wajukuu. Yeye huanza kuniuliza tangu Novemba kama siku hiyo nitakuwa zamu.

Mimi sitaki kuwa picha kwenye droo ya mdogo wangu.

Sikuombi ubadili imani yako, Baba Mkubwa, wala usimame kanisani ulitetee jambo usilolikubali. Sheria ya nchi naijua, na yeye anaijua kuliko sisi sote, ndiyo maana analala kwa rafiki yake Mwanjelwa na anaogopa hata kupanda gari la kuja nyumbani. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mzazi kumfukuza mwanawe. Wewe ndiye uliyeshika nafasi ya Baba tangu tumzike. Ukisema neno kwenye kikao, watanyamaza. Naomba useme kwamba chumba chake ni chake, kwamba hakuna atakayemnyooshea mkono wala kumnyang'anya simu, na kwamba habari zake haziendi kwa balozi wa nyumba kumi wala polisi kutoka kinywani mwa mtu wa ukoo wetu. Mengine yatazungumzwa taratibu, naye akiwepo akisikia. Hata mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe huitwa aseme, iweje mtoto wetu ajadiliwe akiwa hayupo?

Mama, wewe mpigie simu. Usimuulize chochote, mwambie tu kwamba umepika mbalaga na umemkumbuka. Na kama ndizi zipo, mfungie kwenye kiroba, umpe konda wa Kosta ya Mbeya kama ulivyokuwa ukinitumia mimi nikiwa chuo. Ada yake ya muhula nimeshailipa moja kwa moja chuoni, hilo lisiwe mzigo kwenu.

Nitapiga simu Jumapili baada ya ibada, kwenye namba ya Baba Mkubwa. Nikusikie wewe mwenyewe, baba yangu.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Binti yenu