Majina saba bado hayajapatikana

Bwana Mhariri,

Nakuandikia kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mtoto wa mtu wa reli, mjukuu wa mtu wa reli. Ndani ya bahasha hii utakuta nakala ya picha moja. Tafadhali itazame kwanza, kisha uendelee kunisoma.

Picha hii ilinifikia mwezi wa nane katika simu ya mjukuu wangu. Mpwa wangu aliyeko Ubelgiji aliinunua sokoni, kwenye sanduku la kadi za zamani, akaituma kwa sababu aliona neno Katanga. Chini yake pameandikwa kwa Kifaransa Elisabethville, Katanga, jina la zamani la mji wetu, halafu jina la injinia Mzungu na cheo chake, halafu namba ya garimoshi, halafu maneno haya: "na wazawa 14". Basi. Mzungu ana jina, chuma kina namba, na watu 14 waliosimama mbele ya chuma hicho wana hesabu tu.

Wa pili kutoka kushoto ni nkambo yangu, baba yake baba. Nimemjua kwa mkono. Ameishika kofia kifuani, na kidole cha kati hakipo. Tangu utoto wetu baba alitusimulia jinsi shoka lilivyokikata akiwa kijana, akipasua kuni za treni. Mimi nkambo nilimkuta mzee, ameinama, anakohoa. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa na mabega. Nilikaa na simu ile mpaka chaji ikaisha.

Watu wakizungumza juu ya zamani za mji huu wanaanzia kwenye mumbunda, ule mnara wa moshi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya wakoloni, na kilima cheusi cha taka za tanuru kilicho kando yake. Ni haki. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, na mwaka uliofuata, 1911, tanuru likatoa shaba yake ya kwanza. Makaa ya kuyeyushia yaliletwa kwa reli hiyo hiyo kutoka Wankie, Rhodesia, ambayo leo ni Hwange, Zimbabwe. Mwaka 1918 reli ikafika Bukama, na kutoka hapo meli zikateremka mto Lualaba hadi Kongolo. Hayo niliwafundisha watoto miaka mingi, nikiyaandika ubaoni kwa chaki. Lakini nilisahau kuwaambia jambo moja ambalo nyumbani kwetu lilisemwa kila siku: vyombo hivyo vilikula msitu. Meli ilisimama ufukweni kupakia kuni, treni ilisimama porini kupakia kuni, na shimo la mgodi lilihitaji magogo ya kushikilia mwamba usiwaangukie watu. Kila gogo lilikatwa na mtu, likabebwa na mtu begani. Mkata kuni hakuingia katika hesabu ya shaba. Hakuwa mchimbaji, hakuwa mashinisti, yule anayeendesha treni. Akipigwa picha, alipigwa kwa sababu alikuwa karibu na mashine.

Niliichapisha picha ile kwa ukubwa wa daftari, nikaipeleka Katuba kwa mzee mmoja aliyeendesha treni kwa muda mrefu. Ana miaka 91. Baba yake alifanya kazi na nkambo yangu, kwa hiyo wengi wa watu hawa aliwajua yeye akiwa mtoto, wao wakiwa wameshazeeka kambini. Nilimwambia hapa ni Lubumbashi, maana kadi inasema Elisabethville. Aliisogeza dirishani, akaiinamia, akanyamaza muda mrefu hata nikadhani amesinzia.

"Mwanangu, hapa si Lubumbashi," alisema. "Hapa ni Bukama. Ona maji nyuma ya mabehewa. Na daraja halipo."

Sikuwa nimeyaona hayo maji. Ni mstari mweupe tu, nilifikiri ni kasoro ya karatasi. Na kuhusu daraja alikuwa sahihi: treni ilivuka Lualaba kuelekea Kasai, na njia ya kwenda Ilebo ikafunguliwa mwaka 1928. Kwa hiyo picha hii ni ya kabla ya hapo. Mwandishi wa kadi alikosea mahali, na mzee asiyeona vizuri akamsahihisha akiwa amekaa kitini kwake.

Kisha akaanza kuwataja. Hakuangalia nyuso. Aliangalia namna mtu alivyosimama. "Huyu ni wa kuni, ona bega moja limeshuka. Huyu ni wa moto, amefunga kitambaa shingoni jasho lisimuingie machoni akikiinua. Huyu alitoka Kasai, wake zake walikuwa wawili, mmoja aliuza samaki." Hivyo hivyo mpaka tukapata majina saba. Nimeyaandika katika karatasi ya pili, pamoja na nafasi ya kila mmoja. Nakuomba, Bwana Mhariri, ukiichapa picha uyachape na majina. Yaende pamoja.

Najua kuna watakaosema picha hizi ni za mkoloni, zilipigwa ili kuwaonyesha wenye hisa kule Bulaya kwamba kazi inaendelea, tuziache huko huko. Nimelifikiria neno hilo kwa uzito. Ni kweli mpiga picha alichagua cha kuonyesha. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma na kukusanyika katika uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Katika albamu zote nilizofungua maishani mwangu, siku hiyo haina ukurasa. Kuna mabweni yaliyopangwa kwa mistari, kuna mabomba ya maji, kuna watoto wanaopimwa uzito. Lakini mtu aliyesimama mbele ya kamera hakuwa mali ya mwenye kamera. Nkambo yangu aliishika kofia yake kwa namna yake. Kijana wa mji huu, msanii wa picha Sammy Baloji, alilielewa jambo hilo zamani: aliwatoa wafanyakazi katika picha za kale za kampuni, akawaweka mbele ya viwanda vilivyobomoka alivyovipiga yeye mwenyewe. Ukiwatazama pale, wanakuuliza kitu.

Na sisi wenyewe hatukuzitunza zile tulizokuwa nazo. Lazima niliseme na hili, ingawa linaniuma. Miaka ya tisini, ofisi moja ya hapa mjini ilihamisha vitu vyake, ikatupa nje masanduku ya picha za vioo, zile za zamani ambazo sura ilikaa juu ya kioo. Watu wa mtaa walivichukua vioo, wakavichemsha kwenye maji, wakakwangua ule utando, wakapata vioo safi vya fremu na vya madirisha. Jirani yangu aliviweka kwenye banda la kuku. Kimoja hakikukwanguliwa vizuri, na asubuhi jua likikipiga uliona mabehewa na mtu amekaa juu ya magogo. Nilikuwa na umri wa kutosha na elimu ya kutosha. Ningeweza kukinunua kwa bei ya kuku mmoja. Sikufanya hivyo, na banda lilipobomolewa kikavunjika.

Kwa sababu hiyo sitaki tuzungumze tu juu ya picha zilizoko Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika kule Ubelgiji, ingawa nataka nakala zake zije, zikae katika Makumbusho ya Lubumbashi na Chuo Kikuu chetu, mahali ambapo mtoto wa Ruashi anaweza kufika kwa miguu na kuomba kuona. Nakala zije bila kungoja. Wanaoweza kutaja majina hawana miaka kumi ya kusubiri barua za wakubwa. Mzee wangu wa Katuba alichoka baada ya saa moja, akaniambia nirudi siku nyingine.

Wewe, Bwana Mhariri, una gazeti. Kila wiki chapa picha moja, kubwa, na chini yake uulize: nani hawa? Utapata majibu. Wasomaji nao wafungue masanduku kabla mvua ya Novemba haijaanza na mchwa hawajapanda ukutani. Msiandike nyuma ya picha kwa kalamu ya wino, unapenya mpaka mbele. Tumieni penseli, tena taratibu. Wekeni katika bahasha ya karatasi, plastiki inashika unyevu na picha zinagandana. Na mkiipiga kwa simu, pigeni pande zote mbili, maana mara nyingi habari iko nyuma.

Msitu wenyewe bado unakatwa. Makaa tunayopikia bukari, ugali wetu, yanatoka kwenye miti ile ile ya miombo, na mukula, mti wa mbao nyekundu, umepita barabarani kwa malori mbele ya macho yetu. Wanaokata leo nao hatuandiki majina yao. Lakini hiyo ni barua nyingine.

Kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, nakaa barazani kwangu na picha hii mezani. Nyuma ya karatasi ya pili nimekuandikia ninapokaa, umwelekeze yeyote atakayeuliza. Majina saba bado hayajapatikana. Wa tatu kutoka kulia ni kijana sana, labda ana miaka 16. Ameshika shoka kwa mkono wa kushoto na amevaa koti lisilo lake, mikono imemfunika vidole. Katika familia yenu kama kuna mzee aliyetumia kushoto na aliyepita Bukama, njooni mtazame.

Mwalimu mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi